Kokoto, Vigae na Vyelezo: Kuchagua Vitu vya Kupandia katika Bustani ya Samaki na Mboga

Mjini Dar es Salaam huuzwa kokoto za aina mbili. Kokoto nyeusi hutokana na miamba migumu ya bara, na nyingi huletwa kwa malori kutoka upande wa Lugoba na Chalinze. Kokoto nyeupe hupasuliwa karibu zaidi, katika miamba ya matumbawe ya ukanda wa pwani. Kwa mjenzi, tofauti iliyopo baina ya hizo mbili ni ya nguvu na ya bei. Kwa mtu anayekusudia kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, tofauti hiyo yaweza kumpatia mavuno au kumwulia samaki wote katika juma moja, na aghalabu mtu huyo huitambua akiwa amekwisha kulijaza sanduku lake.

Ufugaji wa namna hiyo huitwa akwaponiki. Samaki, kwa mfano perege au kambale, huwekwa katika tangi. Maji ya tangi, yakiwa na uchafu wa samaki, hupandishwa kwa pampu ndogo hadi kwenye kitalu kisicho na udongo, ambamo mboga zimepandwa katika kokoto au zimening'inizwa katika chelezo kinachoelea. Mboga hufyonza virutubisho, na maji yaliyopunguziwa uchafu hurudi kwa samaki. Kwa kuwa udongo haupo, mtu wa kawaida hudhani kwamba kokoto zina kazi moja tu, yaani kuishika mizizi ili mche usianguke. Kazi hiyo ni ndogo kuliko zote. Kitu cha kupandia ni makao ya viumbe ambao bila wao samaki na mboga hawawezi kuishi pamoja, na tena ni dawa au sumu iliyomo ndani ya maji mchana na usiku.

Makao ya bakteria

Samaki hula chakula chenye protini, na nitrojeni iliyomo katika protini hiyo hutoka mwilini mwake, hasa kwa njia ya mashavu, ikiwa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki. Mimea nayo, ingawa yaweza kutumia amonia kiasi, hustawi zaidi ikipata nitrojeni katika hali ya nitrati. Kati ya hali hizo mbili wapo bakteria: baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa.

Jambo hilo halikujulikana kabla ya karne ya 19 kuelekea mwisho wake. Mwaka 1877 wakemia wawili wa Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza bomba refu mchanga uliochomwa, wakauchanganya na unga wa mawe ya chokaa, kisha wakapitisha humo maji machafu ya mjini polepole. Kwa muda wa siku 20 hivi hapakutokea mabadiliko yoyote. Baadaye nitrati ikaanza kuonekana katika maji yaliyotoka chini ya bomba, na amonia ikatoweka. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, ambao huua au kulaza viumbe hai, kazi ile ilisimama. Ikawa dhahiri kwamba aliyeigeuza amonia alikuwa kiumbe hai, wala haikuwa nguvu ya mchanga wenyewe. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Mwanafunzi atakayelitazama vizuri jaribio la mwaka 1877 ataona kwamba bomba lile lilikuwa kitalu cha akwaponiki kisichokuwa na mche. Mambo mawili ndani yake yanahusu uchaguzi wa kokoto moja kwa moja. La kwanza ni zile siku 20 za kungoja. Bakteria hawa huongezeka taratibu, na katika kitalu kipya mfugaji hana budi kuanza na samaki wachache na chakula kidogo kwa majuma kadhaa. La pili ni ule unga wa chokaa, ambao utarejewa hapa chini.

Bakteria hao hawaogelei ovyo katika maji. Hujishikiza juu ya uso wa kitu kigumu wakafanya utando mwembamba wenye utelezi. Kadiri uso huo ulivyo mpana, ndivyo wanavyopata nafasi. Hesabu yake si ngumu. Chukua kokoto iliyo kama mchemraba wa sentimita 2 kila upande. Eneo la nyuso zake 6 ni sentimita za mraba 24, na ujazo wake sentimita za ujazo 8. Mita moja ya ujazo ya jiwe lililokatwa hivyo ina eneo la mita za mraba 300. Maadamu karibu asilimia 40 ya kitalu ni nafasi tupu kati ya kokoto, hubaki mita za mraba 180 katika kila mita ya ujazo ya kitalu. Ukipunguza upande wa mchemraba kuwa sentimita 1, eneo huongezeka maradufu na kufikia 360.

Kwa hesabu hiyo ingeonekana kwamba mchanga ni bora kuliko kokoto. Kwa kweli mchanga umekwisha kutumika: katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, waliotesha mboga katika vitalu vya mchanga vilivyonyweshwa maji ya perege. Lakini mchanga humtaka mtu mwangalifu. Kinyesi na mabaki ya chakula huziba vinjia vyake vyembamba, maji hutuama, hewa hukosa pa kupita, na bakteria wanaohitaji oksijeni hufa. Badala yao huingia wengine wanaotoa harufu ya mayai yaliyooza. Kwa kitalu cha nyumbani chenye kina cha sentimita 30, kokoto za milimita 8 hadi 20 ndizo zinazofaa: chini ya hapo huziba, na juu ya hapo eneo hupungua na miche midogo hukosa pa kushika.

Chokaa ndani ya maji

Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitrati, hutoa asidi. Siku hadi siku pH ya maji hushuka. Wafugaji hujitahidi kuiweka kati ya 6 na 7, kwa sababu katika kiwango hicho samaki, mboga na bakteria wote huweza kuishi, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kila anachokipenda. Chini ya 6 bakteria huzorota na amonia huanza kujikusanya. Ndiyo maana Schloesing na Müntz walitia unga wa chokaa katika bomba lao: uliimeza asidi.

Kokoto za matumbawe ni kalsiamu kaboneti karibu tupu. Kitalu kilichojazwa kokoto hizo huimeza asidi yote, na zaidi ya hapo huishikilia pH juu ya 7, mara nyingi karibu na 8. Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, madini ya chuma huacha kuyeyuka na kujitenga na maji, hata mboga zikashindwa kuyafyonza. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mkulima asiyejua huongeza chakula cha samaki akidhani mboga zina njaa, kumbe huongeza amonia.

Pili, na hili ndilo zito, amonia hubadilika tabia. Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili, moja yenye chaji ya umeme, isiyodhuru sana, na nyingine isiyo na chaji, ambayo hupenya mashavu ya samaki na kumsumisha. Uwiano wa hali hizo hutegemea pH na joto. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye pH 7, sehemu 6 hivi katika kila sehemu 1,000 za amonia ndizo zilizo sumu kali. pH ikifika 8, sehemu hizo huwa 54. Kwa hiyo kiasi kile kile cha amonia, katika ndoo ile ile, huwa na ukali wa karibu mara 10 kwa sababu ya jiwe lililochaguliwa. Bakteria wakiwa wengi na wazima, samaki wanaweza kuishi miezi mingi juu ya kokoto nyeupe, na mwenye samaki akaamini kwamba maneno haya ni ya vitabuni tu. Hatari huja wakati wa kuanza, kabla bakteria hawajajenga makao, au siku umeme unapokatika, au mtoto anapomwaga kopo zima la chakula.

Basi, je, chokaa itupwe kabisa? Hapana. Katika kitalu cha kokoto nyeusi, pH hatimaye itashuka chini ya 6, na dawa yake ni ile ile iliyokuwa sumu kwa wingi. Konzi kadhaa za makombe ya baharini yaliyooshwa vizuri hutiwa katika mfuko wa wavu na kuning'inizwa mahali maji yanapopita. pH ikipanda hadi karibu 7 mfuko hutolewa. Tofauti iliyopo ni kwamba mfuko huondolewa kwa mkono mmoja, ilhali kokoto za kitalu kizima huondolewa kwa koleo baada ya mboga kung'olewa.

Kulijaribu jiwe

Kulitambua jiwe la chokaa hakuhitaji maabara. Mwaga siki au maji ya ndimu juu ya jiwe lililooshwa na kukaushwa, ulisikilize na kulitazama kwa karibu. Viputo vikitoka, jiwe lina kaboneti, na viputo hivyo ni kaboni dioksidi. Yafaa tahadhari mbili. Yapo mawe ya chokaa yenye magnesi nyingi ambayo hayatoi viputo yakiwa mazima, hivyo jiwe moja lipondwe na unga wake ujaribiwe pia. Tena, rundo moja la kokoto huweza kuwa na mchanganyiko, kwa hiyo mawe yasiyopungua 20 yachukuliwe kutoka pande zote za rundo, juu na chini.

Jaribio la pili huchukua siku 3. Jaza chupa ya kioo kokoto hadi nusu, tia maji ya mvua hadi zifunikwe, na upime pH kila siku pamoja na ya chupa nyingine yenye maji ya mvua peke yake. Shule isiyo na karatasi za kupimia inaweza kutumia maji ya choya, ambayo huwa mekundu katika asidi na kugeuka rangi ya kijani katika besi kali, ingawa hayana uwezo wa kutofautisha pH 7 na 7.5.

Mawe na vigae vya nchini

Baada ya kokoto nyeusi za mwamba mgumu, ambazo ni salama lakini nzito, mawe yanayostahili kusifiwa ni yale mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo watu wengi huyajua kwa kusugulia nyayo. Hupatikana katika nyanda za volkano za kaskazini na za Rungwe. Vitundu vyake huongeza makao ya bakteria, na wepesi wake humwondolea fundi kazi ya kujenga meza ya chuma. Mengine huelea mwanzoni, na hapana budi yalowekwe siku kadhaa. Hata hivyo, si kila jiwe la volkano ni jema. Oldoinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee ijulikanayo duniani inayotoa lava yenye magadi, na magadi huyeyuka majini na kuipandisha pH haraka kuliko hata matumbawe. Mawe ya eneo hilo yasitumike kamwe, na ya maeneo jirani yapimwe kwanza.

Ulaya hutumiwa punje za udongo wa mfinyanzi zilizochomwa katika joto la nyuzi 1,200 hivi hadi zikavimba na kuwa nyepesi. Ni nzuri, lakini zikiagizwa kutoka nje gharama yake ni kubwa. Nasaba yake ya karibu imelala nyuma ya kila tanuri la matofali na kila nyumba ya mfinyanzi. Vigae vya vyungu na vipande vya matofali ya kuchoma vina vitundu vidogo, ni vyepesi kuliko mwamba, na aghalabu hutupwa. Kasoro yake ni uchomaji hafifu. Kigae kilowekwe juma zima, kisha kisuguliwe kwa kidole: kikitoa tope, kiachwe. Tofali lililokwisha kujengewa huwa na saruji au chokaa iliyogandamana nalo, na saruji hupandisha pH. Hivyo vifusi vya nyumba vinafaa zaidi kufukia mashimo barabarani.

Makumbi ya nazi hushika maji vizuri na yanafaa kuoteshea miche. Lakini ya pwani, hasa yale yaliyozikwa katika matope ya bahari ili kutoa usumba, yana chumvi, na hayana budi kuoshwa kwa maji baridi mara nyingi. Maranda na pumba za mpunga huoza upesi, na kuoza hula oksijeni ya samaki.

Uzito wa kitalu hupuuzwa mno. Sanduku la mita 1 kwa mita 1 lenye kina cha sentimita 30 lina ujazo wa mita za ujazo 0.3. Kokoto za mwamba za ujazo huo zina uzito wa kilo 480 hivi, na maji yanayojaza nafasi zake ni kilo 120. Jumla ni kilo 600, yaani watu wazima wapatao 9 waliosimama juu ya meza moja, usiku na mchana, meza yenyewe ikiwa na unyevu. Kitalu cha namna hiyo kikivunjika, mara nyingi huwa kimejengwa juu ya tangi la samaki.

Chelezo

Njia ya chelezo iliendelezwa sana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, katika kisiwa cha St. Croix. Mboga hupandwa katika matundu ya ubao unaoelea, mizizi ikining'inia majini. Uzito wa kokoto haupo, na umeme ukikatika mizizi haikauki. Lakini pamoja na kokoto huondoka pia makao ya bakteria na chujio la kinyesi. Upande wa chini wa chelezo na kuta za tangi huwapa bakteria nafasi kiasi, ila uchafu mgumu sharti uondolewe kabla, la sivyo huigandamia mizizi na kuinyima hewa. Nyumbani, ambako samaki ni wachache, yafaa maji yapite kwanza katika kitalu kidogo cha kokoto, ndipo yaingie chini ya vyelezo.

Kanuni ya Archimedes inatosha kupima chelezo. Ubao wa polistireni, yaani lile povu jeupe la plastiki linalozuia friji na televisheni zisigongwe ndani ya boksi, una uzito wa kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo. Ubao wa mita 1 kwa mita 1 wenye unene wa sentimita 4 una kilo 0.8. Ukipakiwa vichwa 20 vya saladi vyenye gramu 200 kila kimoja, jumla huwa kilo 4.8, nao utazama milimita 4.8 tu. Mbao laini za ukubwa ule ule zina uzito wa kilo 20 hivi, huzama nusu zikiwa tupu, hunywa maji, na huoza. Shina la mgomba huelea vizuri siku za mwanzo, kisha hulainika na kulichafua tangi. Wakulima wa Bangladesh hutengeneza bustani zinazoelea kwa magugu maji, na mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini bustani zile huoza kwa makusudi, katika maji mapana ya wazi, ambako oksijeni inayoliwa hapa hupatikana pale. Tangi la lita 500 halina upana huo.

Povu la kufungia vyombo, lenye punje kubwa zinazochomoka kwa kucha, halifai, kwa kuwa samaki humeza punje hizo. Litafutwe lenye punje zilizoshikana, na sehemu inayopigwa na jua ipakwe rangi nyeupe ya maji, kwani jua huligeuza povu kuwa unga. Mbao za povu zilizobanduliwa katika majengo ya zamani ziepukwe: nyingi zilitiwa HBCD, kemikali ya kuzuia moto ambayo mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa.

Asiyepata povu hakukwama. Chupa tupu ya lita 1.5, ikifungwa kizibo barabara, hunyanyua karibu kilo 1.5. Chupa 10 zikifungwa chini ya fremu ya mianzi, na juu yake kukawekwa karatasi nene ya plastiki isiyopitisha mwanga, zitabeba kilo 14 hivi bila shida. Mwanga usipite kwa sababu kila nafasi iliyo wazi hugeuka shamba la mwani, nao mwani hugombea nitrati na mboga, na usiku hugombea oksijeni na samaki.

Katika fremu na masanduku hayo yote, mbao zilizotiwa dawa ya shaba na aseniki, ambazo aghalabu huwa na rangi ya kijani, na vipande vya nguzo za umeme, visiguse maji yatakayolisha watu. Mabati yaliyopakwa zinki na mabomba ya shaba huua samaki polepole, hasa pH inaposhuka. Pipa lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu halisafishiki, hata likioshwa mara 100.

Jaribio la darasa

Darasa lililo na ndoo 2 za lita 20 na majuma 6 linaweza kuyaona mengi ya haya kwa macho. Ndoo moja ijazwe kokoto nyeusi hadi nusu, nyingine kokoto za matumbawe za ukubwa ule ule, zote mbili zikiwa zimeoshwa. Kabla ya yote, wanafunzi wapime maji yanayoingia kati ya kokoto hadi yafike usawa wake: lita 4 katika lita 10 za kokoto ni asilimia 40 ya nafasi tupu. Kisha kila ndoo ijazwe maji ya mvua, ipewe gramu 1 ya chakula cha samaki kila siku bila samaki yeyote, na maji yachotwe kwa kikombe na kumwagwa tena juu yake mara kadhaa kwa siku ili yapate hewa. pH na amonia zipimwe mara mbili kwa juma. Amonia itapanda kwanza katika ndoo zote mbili. Tarehe ya kuanza kushuka kwake iandikwe, na ilinganishwe na zile siku 20 za mwaka 1877. Katika juma la nne miche ya mchicha yenye umri mmoja ipandikizwe katika kila ndoo, mitano mitano, na rangi ya majani yake machanga ichunguzwe hadi juma la sita.